Kununua pointi za likizo za mtumba Florida: tuangalie nini kabla ya kulipa?

Mama Bwiru

Habari za jioni, wanajamvi. Mdogo wangu anaishi Orlando, Florida, na kila tunapopanga kumtembelea na watoto, gharama ya malazi ndiyo inayotukwamisha. Sasa amempata mzee mmoja anayeuza mkataba wake wa Disney Vacation Club, mpango ambao mwanachama hupata pointi kila mwaka na kuzitumia kulipia siku za kulala katika hoteli zake. Bei anayoitaka iko chini sana ya ile ya kampuni yenyewe, na hapo ndipo shaka yangu ilipoanzia. Je, pointi zinazonunuliwa kwa mtu zina haki zilezile? Na mimi niliyeko Mwanza nitajuaje kwamba anauza kilicho chake? Sisi tunaweza kusafiri Desemba tu, shule zikifungwa.

Wakili wa Capri Point

Dada, bei ya chini peke yake si dalili ya utapeli. Bei ya kampuni imebeba matangazo na kamisheni za wauzaji wake, kwa hiyo mkataba ukitoka mkononi mwa mtu hushuka thamani, kama nguo pale soko la mitumba la Mlango Mmoja ambayo hakuna anayeuliza ilinunuliwa kwa shilingi ngapi dukani. La kupima zaidi ni ada ya matunzo, ambayo hulipwa kila mwaka kwa dola kulingana na idadi ya pointi, msafiri msisafiri, na ambayo kwa kawaida hupanda. Mikataba ya hoteli kadhaa za mwanzo za mpango huo inaisha 31 Januari 2042. Zidisha ada ya sasa kwa miaka iliyobaki, kisha ndipo uitazame bei ya mzee.

Kuhusu haki, si zote zinazohamia kwako. Tangu 19 Januari 2019, anayenunua kwa mtu mkataba wa hoteli za zamani hawezi kutumia pointi hizo katika hoteli zilizoongezwa baadaye, kama vile Riviera, wala kuzibadilisha kwa safari za meli za kampuni hiyo. Hoteli iliyotajwa katika mkataba unaweza kuihifadhi miezi 11 kabla, lakini nyingine ni miezi 7 tu. Kwa familia inayosafiri Desemba jambo hili si dogo, kwani wiki ya Krismasi hudai pointi nyingi na vyumba huwahiwa; kwa hiyo nunueni kule mnakotaka kulala hasa, msitegemee kuhamahama.

Tena, pointi zina mwaka wake wa matumizi. Zisizotumika hupotea zisipowekwa akiba mapema, na mwenye mkataba anaweza pia kukopa za mwaka unaofuata, hivyo mnaweza kuuziwa mkataba ambao pointi zake za karibu zimekwisha kuliwa. Dai taarifa ya kampuni yenyewe inayoonyesha salio na ada inayodaiwa. Picha ya simu kutoka kwa muuzaji haitoshi.

Umiliki unathibitika kama tunavyofanya upekuzi wa kiwanja huku kwetu: hati huandikishwa katika kumbukumbu za kaunti, na za Kaunti ya Orange, uliko mji wa Orlando, husomwa bure mtandaoni. Fedha zipitie akaunti ya amana ya kampuni ya kuhamisha hati, inayozishikilia hadi uhamisho ukamilike, wala asilipwe dalali yeyote anayetaka chake kwanza. Jueni pia kwamba kampuni ina haki ya kwanza ya kununua, hivyo ikiipenda bei mliyokubaliana inaweza kuuchukua mkataba huo yenyewe.

Mzee wa Kirumba

Wakili ameeleza vizuri, ila mimi nisingenunua kabisa. Wenye mikataba huruhusiwa kukodisha pointi zao: mwenye nazo anahifadhi chumba kwa jina lako, unamlipa, mnamalizana. Masharti ya kughairi huwa makali, hilo nakubali, lakini hamdaiwi ada mwaka ambao hamkusafiri. Na viza je? Mkataba hauwapi viza. Bado kuna mahojiano ubalozini Dar es Salaam, na mkinyimwa, ada ya matunzo itaendelea kudaiwa. Pateni viza kwanza, kodini safari moja.

Mama Bwiru

Nashukuruni sana. Suala la viza sikuwa nimelifikiria upande huo. Tukiamua kununua baadaye, hati iandikwe jina langu au la mdogo wangu?

Wakili wa Capri Point

La mdogo wako, kama ni mkazi wa kule kwa mambo ya kodi. Mgeni anapouza mali isiyohamishika ya Marekani, na mkataba huu wenye hati umo, mnunuzi huweza kutakiwa kuzuia 15% ya bei na kuipeleka mamlaka ya kodi, na kuidai irudishwe ni kazi ya makaratasi. Nyinyi wawili andikeni makubaliano ya nani anachangia ada na nani anatumia mwaka gani, maana jina likiwa moja, deni nalo ni la huyo mmoja.