Ami yangu ana kansa ya damu, daktari ametaja utafiti wa dawa mpya. Tukubali?

BintiMajengo:
Assalam aleikum jamani, naomba mawazo yenu manake huku kwetu siku tatu sasa ni mabishano tu. Ami yangu ana CML, ile kansa ya damu ya kwenda polepole, mwaka wa sita huu anameza imatinib na alikua yuko sawa kabisa, duka anafungua, msikitini anakwenda, ukimuona barabarani huwezi jua. Sasa kile kipimo cha damu cha kila miezi mitatu, cha kuonyesha ugonjwa umebaki kiasi gani, kimeanza kupanda. Mara ya kwanza wakasema tungoje, mara ya pili kimepanda tena. Daktari akasema kuna kubadilisha dawa, halafu akataja juu juu tu kwamba kuna utafiti wa dawa mpya Nairobi huenda akaingia akitaka, akampa karatasi akasome.

Karatasi yenyewe kurasa kumi na kitu, Kiingereza tupu, na mimi ndo nimeachiwa niwasomee. Nilipofika pale paliposema watu watagawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, shangazi akasimama akasema basi, wataka kumfanya panya huyu, nusu watapewa dawa na nusu watapewa unga wa muhogo waangaliwe wanavyokufa. Ami mwenyewe kanyamaza tu anahesabu tasbihi.

Ni kweli mtu wa kansa anaweza pewa dawa feki? Akishaingia anaweza kutoka? Na gharama nani analipa, manake SHA, hii bima ya afya ya serikali, mwaijua. Shukran.

Mzee_wa_Bandarini:
Mwanangu mimi nasema hapana. Hawa watu hawaleti kitu bure. Wakiwa na dawa nzuri wataanza kwao, sisi huletewa ya kujaribiwa. Mpelekeni kwa watu wa miti shamba, wazee wetu hawakua wajinga.

NesiMstaafu:
Mzee nakuheshimu lakini hapo tusimpoteze binti. Mimi nimefanya wodi miaka mingi, wagonjwa wa damu nimewaona wengi, na hili la unga wa muhogo nalisikia kila mara.

Binti sikiza. Kwa kansa ya damu, kwa kawaida kundi la pili halipewi hewa. Linapewa matibabu yale bora yaliyoko kwa wakati huo, ndo dawa mpya ilinganishwe nayo. Chukua hiyo hiyo imatinib anayomeza ami yako. Ilipojaribiwa kwa watu 1,106, nusu walipewa imatinib na nusu wakapewa interferon na sindano za cytarabine, ambayo ndo ilikua tiba ya watu wote wakati ule, na ilikua inatesa kwelikweli, homa na mwili kuvunjika kila siku. Ikaonekana wa imatinib wanaenda vizuri mno, na sheria ya utafiti ilikua mtu akishindwa na ile ya zamani anaruhusiwa kuhamia upande wa pili. Walipofuatiliwa miaka kumi, karibu theluthi mbili ya wale wa interferon walikua wameshahama. Hakuna aliyefungiwa mlango. Na Marekani waliipitisha 2001, sasa hivi watu kama ami yako wanafungua maduka. Mzee, ile dawa ilianza huko huko kwao, Oregon, mwaka 1998, na waliojaribiwa wa kwanza walikua wagonjwa wao wenyewe.

Plasebo, yaani hio dawa feki, ipo, sitakudanganya, lakini mara nyingi huwekwa juu ya tiba ya kweli. Mfano dawa ya venetoclax kwa wazee wenye AML, ile kansa ya damu ya kwenda mbio, wasioweza kemo kali, walikua watu 431, wote walipewa azacitidine, dawa ya kweli ya ugonjwa huo, tofauti ni kwamba kundi moja liliongezewa venetoclax na jingine likaongezewa kidonge kitupu. Kwa hivo hakuna aliyelala bila dawa.

Kuhusu kutoka, anatoka siku yoyote, hata bila kueleza sababu, na hawaruhusiwi kumnyima matibabu yake ya kawaida kwa ajili hio. Dawa ya utafiti hailipiwi na mgonjwa. Lakini uliza nauli, uliza vipimo vya ziada, uliza akipata madhara nani anamtibu. Na Kiingereza tupu kisikutishe, dai karatasi ya Kiswahili, ni haki yake kusoma kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi.

MamaWawili_Kilifi:
Mimi si mambo ya kansa ila nimeingiza mtoto kwa utafiti wa chanjo ya malaria ile ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya serikali, huku Kilifi, 2009 hio. Mtaani walinisema weee, eti nimeuza damu ya mwanangu, eti watu wa KEMRI wananyonya. Mamamkwe hakuniongelesha wiki mbili. Lakini kitu kilichonituliza ni kwamba walikuja nyumbani wakakaa mkekani, wakaeleza kwa Kigiriama, mume wangu akauliza maswali mpaka mimi nikaona aibu. Na wale watoto wa kundi jingine hawakudungwa maji, wale wakubwa wakubwa walidungwa chanjo ya kichaa cha mbwa, yaani na wao waliondoka na kitu. Mtoto akiwa na homa anaonwa haraka. Sasa hio chanjo wanadungwa watoto wa kliniki za kawaida. Shangazi mwambie polepole, haogopi utafiti huyo, anaogopa kumpoteza nduguye.

Kaka_wa_Tudor:
Mimi mwenyewe nina CML na nakunywa imatinib tangu 2014, hivo naongea kama mgonjwa mwenzake si daktari. Kabla hamjafika kwa utafiti kuna swali moja hamjamuuliza ami na mtalazimika kumuuliza, tena akiwa peke yake mbali na shangazi. Anameza KILA siku? Usicheke. Kipimo kikipanda jambo la kwanza daktari anashuku ni hilo, manake dawa hii ukiruka ruka ugonjwa unarudi kimya kimya huku wewe unajiona mzima. Mimi mwaka wa tatu niliruka kwa sababu ilikua inanikoroga tumbo na macho yanavimba asubuhi, nikawa nadanganya kliniki, kipimo ndo kikanisema.

Pia muulize kama anakula balungi, manake balungi linavuruga kiwango cha dawa mwilini. Na miti shamba aseme yote, hata ile ya kikombe kimoja tu.

Kama anameza sawasawa na bado inapanda, basi kuna kipimo cha kuangalia kama jeni ya ugonjwa imejigeuza. Ikijigeuza imatinib inakosa pa kushika, ni kama mtu amebadilisha kufuli na wewe umebaki na ufunguo wa zamani. Hapo ndo hizo dawa mpya zinaingia. Kuna moja asciminib, haishiki mahali wanaposhika wenzake, inashika upande mwingine kabisa wa ile protini inayoendesha ugonjwa. Walipoijaribu kwa watu 233 ambao walikua wameshapitia dawa mbili au zaidi, waliilinganisha na bosutinib, dawa nyingine ya CML, na kila mtu alikua anajua anameza gani, hapakua na kufichana. Baada ya wiki 24 waliofikia kiwango kizuri, yaani ugonjwa kushuka sana kwenye kipimo, walikua asilimia 25.5 kwa asciminib na 13.2 kwa bosutinib. Ni karibu mara mbili, lakini angalia pia wengi pande zote mbili walikua bado hawajafika. Dawa mpya si muujiza.

Mzee_wa_Bandarini:
Haya, la kufungua kufuli nimelielewa. Lakini miti shamba bado sijaiacha.

NesiMstaafu:
Na usiiache Mzee, lile ua la rangi ya waridi linaloota kila uwanja hapa mjini, la petali tano, Wazungu huliita periwinkle, ndo lililotoa vincristine, dawa ya watoto wa lukemia, yaani kansa ya damu, mpaka leo. Tofauti ni kwamba ilipimwa. Watu walijua kipimo gani kinatibu na kipi kinaua mishipa ya fahamu. Hio ndo kazi ya utafiti wote huu.

BintiMajengo:
Jamani. Nimemuuliza ami jana baada ya isha, tukiwa wawili barazani. Kwanza akacheka, akasema nani amekutuma. Halafu akanambia ukweli. Ramadhani mbili zilizopita alikua anameza daku, anatapika, basi akaanza kuacha mpaka futari, na siku za uchovu anasahau kabisa. Na kuna mwezi dawa iliisha mahali anapochukulia, akaambiwa arudi wiki ijayo, wiki ijayo ikawa tatu, naye hakutaka kutusumbua tumtafutie pesa ya kununua. Miaka sita twaishi naye nyumba moja na hakuna aliyejua.

Shangazi nimemwambia ile ya kichaa cha mbwa, akasema "kumbe". Hajakubali ila amekaa chini.

Tunarudi kliniki Jumanne. Ami amekubali aseme mwenyewe.

Kaka_wa_Tudor:
Mwambie asione haya, madaktari wameshayasikia. Na mambo ya saumu ayaseme mapema kabisa, manake hizi dawa haziko sawa, imatinib yataka chakula na maji mengi, nilotinib, dawa nyingine ya CML, kwa kawaida ni mara mbili kwa siku tumbo likiwa tupu, asciminib pia haitaki chakula karibu. Akiingizwa kwa utafiti bila kusema, Ramadhani itamkuta njiani.

NesiMstaafu:
Na swali la mwisho kuuliza Binti, andika nyuma ya karatasi usisahau: utafiti ukiisha na dawa imemfaa, ataendelea kuipata wapi, kwa muda gani, na nani analipa? Watu huuliza kuingia hawaulizi kutoka. Wakikwambia "tutaangalia", waambie wakuandikie.

BintiMajengo:
Nimeandika. Kwa kalamu nyekundu.