Riwaya ya mapenzi yenye mhusika aseksuali: nianze na ipi kati ya hizi tatu?

DadaMkubwa
Wadau, habari zenu. Mdogo wangu ana miaka 19 na anapenda riwaya za mapenzi za vijana kuliko kitu chochote. Mwezi uliopita aliniambia jambo alilokaa nalo miaka. Anapenda watu, anasubiri ujumbe wao, moyo unamwenda mbio, ila hamu ya kulala na mtu hajawahi kuwa nayo. Neno aseksuali amelisoma na anaona linamhusu. Akamalizia hivi: "Dada, kila kitabu nikisoma nafika ukurasa ambao najua kuanzia hapa hakinihusu tena." Maneno hayo yamenikaa.

Nataka kumpa kitabu kimoja cha kuanzia. Nimebaki na vitatu: Tash Hearts Tolstoy cha Kathryn Ormsbee (2017), Let's Talk About Love cha Claire Kann (2018) na Loveless cha Alice Oseman (2020). Viwili vya kwanza nimemaliza, cha tatu niko katikati. Nyie mngempa kipi?

KurasaNyingi
Dada, kwanza hongera kwa kuwa mtu ambaye mdogo wako ameweza kumfungukia.

Mimi Loveless ningeiweka pembeni kwa sasa. Georgia si aseksuali tu, ni aromantiki pia, yaani hata huko kuanguka kwenye mapenzi hakumpati. Mdogo wako kunampata. Akianza na hicho anaweza kukifunga akiamini kwamba mtu wa aina yake lazima aishie bila mpenzi. Kitabu ni kizuri mno, lakini swali linalojibiwa mle ni la mtu mwingine.

Mpe Let's Talk About Love. Kinaanzia penye kidonda: Margot anamwacha Alice kwa sababu ya mambo ya kitandani, na Alice hana ujasiri wa kumweleza ukweli wake. Halafu maktabani anapofanya kazi anaingia mfanyakazi mpya, Takumi. Alice ana kipimo chake cha rangi cha kupangia watu na vitu kwa jinsi vinavyopendeza, kijani chini, nyekundu juu, na Takumi anakivuruga chote. Hapo ndipo Kann ananipata kila mara. Alice anamtazama kijana wa watu mpaka maneno yanamwishia mdomoni, na bado hamtaki kitandani. Mambo hayo mawili tumezoea kuyasoma kama jambo moja. Kann anayatenganisha bila somo wala hotuba, kwa macho ya msichana aliyeduwaa kazini.

WinoMweusi
Hapa sikubaliani na KurasaNyingi. Kwa Alice, kuwa aseksuali ndiyo fundo la hadithi nzima. Anaficha, anaogopa, na sisi wasomaji tunangoja siku atakayosema, kama tunavyongoja majibu ya vipimo vya hospitali. Msichana aliyetoka kufunguka mwezi uliopita, kwa nini arudishwe kwenye hofu ileile?

Tash ana maisha mengine. Yeye na rafiki yake Jack wanatengeneza tamthilia ya mtandaoni kutokana na Anna Karenina, riwaya ya Mrusi Leo Tolstoy, ghafla inapata umaarufu, na umaarufu unaanza kuwavuruga. Kuna ugomvi na dada yake, kuna kazi ya kuhariri video usiku kucha, kuna wasiwasi wa chuo. Uaseksuali wake upo, una uzito wake, lakini haujabeba paa lote la nyumba. Hicho ndicho ningependa mtu wa miaka 19 akione.

DadaMkubwa
WinoMweusi, nakuelewa, na kilichonizuia ni Thom, kijana ambaye Tash anampenda kupitia mtandaoni. Miezi wanaandikiana, kisha wanaonana ana kwa ana, Tash anamwambia, na hapokei vizuri. Nilipofika pale nilikiweka kitabu chini kwa siku mbili. Niliona sura ya mdogo wangu.

MtunziChipukizi
Naandika riwaya za vijana, kwa hiyo naangalia kwa jicho la fundi. Kipimo changu ni kimoja: mtazame yule mpenzi wa mhusika aseksuali. Mwandishi akimsifu kwa kuvumilia, basi hata kama mhusika aseksuali amechorwa kwa upendo wote, msomaji anaondoka akijiona deni ambalo mtu mwema amekubali kulisamehe. Nimesoma miswada mingi ya namna hiyo, na wa kwangu wa mwanzo ulikuwa hivyohivyo. Kijana alikuwa "anasubiri". Anasubiri nini? Nilipojiuliza hivyo nilifuta sura tatu.

Kwa kipimo hicho Kann anafaulu kwa sehemu kubwa, kwa sababu Alice naye anadai vyake. Haombi radhi tu. Na maumivu yake mengine hayatoki kwa mpenzi hata kidogo, yanatoka kwa marafiki zake Feenie na Ryan, ambao wana ulimwengu wao wa wawili na yeye anabaki mlangoni.

Thom kwa upande wake anasaidia, naona. Ni vizuri kusoma kwamba mtu anaweza kukukataa na hadithi yako ikaendelea mbele bila yeye.

Kimya_Kingi
Naomba niitetee Loveless, maana mimi ndiye huyo Georgia. Kufika miaka 18 bila kumbusu mtu, kupenda hadithi za mapenzi kupita kiasi, kisha kujilazimisha kuwa na rafiki yako ili ujithibitishie kwamba uko sawa. Georgia anamfanyia Jason hivyo, na Jason anaumia kweli. Oseman hafichi aibu hiyo. Nilisoma sehemu ile nikiwa nimeshika kitabu kwa mikono miwili.

Na KurasaNyingi, umemsahau Sunil. Ni aseksuali na si aromantiki, ana utulivu, anaongoza wenzake chuoni, na ndiye anayempa Georgia maneno ya kujieleza. Huyo ndiye aliye karibu na mdogo wake DadaMkubwa, na yumo mlemle.

KurasaNyingi
Kweli, Sunil nilimpita. Narudisha nusu ya niliyosema.

BibiMaktaba
Nyongeza fupi. Ukitaka cha nne, Every Heart a Doorway cha Seanan McGuire (2016) ni kifupi, na Nancy anatamka waziwazi kwamba ni aseksuali na kwamba hilo halimzuii kupenda. Ila si riwaya ya mapenzi, na Nancy ametoka kwenye ulimwengu wa wafu ambako alijifunza kusimama kimya kama sanamu. Zamani wahusika wasio na hamu walikuwa roboti, viumbe wa sayari nyingine na wapelelezi wenye moyo wa barafu, kwa hiyo si kila msomaji atafurahia sanamu nyingine.

Jambo la pili ni maneno yetu. Watu wakisikia aseksuali wanakimbilia useja au uhanithi. Useja ni uamuzi wa mtu. Uhanithi ni mwili kushindwa. Hili si uamuzi wala si ugonjwa, ni kwamba mvuto wenyewe haupo. Mwambie pia hayuko peke yake: mwaka 2004 mtafiti Anthony Bogaert alichambua majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000 na kukuta takriban asilimia 1 wakisema hawajawahi kuvutiwa kingono na mtu yeyote.

DadaMkubwa
Asanteni sana. Loveless nimeimaliza juzi, na pale Georgia anapowafanyia marafiki zake yale makubwa ambayo kwenye riwaya nyingine hufanyiwa mpenzi, nililia. Kitakuwa cha pili.

Jana usiku nimempa Let's Talk About Love. Asubuhi nimemkuta jikoni anasoma amesimama, chai imepoa. Akaniuliza kama Takumi naye atamwacha Alice. Nimekataa kumwambia.