Uliwahi kubadili mtindo wako wa sanaa, watu wakanuna? Tupeane uzoefu

Wakuu, mimi ni mchoraji hapa Kigoma mjini. Miaka mingi nimeishi kwa picha za mtindo wa tingatinga: sokwe, tembo, ndege wa madoadoa, nikiwauzia zaidi wageni wanaopita kwenda Gombe. Sasa nachora wavuvi wa dagaa usiku, ziwa jeusi tii na taa chache. Wateja wa zamani wananiuliza sokwe wamekwenda wapi. Dalali mmoja kaacha kabisa kuchukua kazi zangu. Fundi aliyenifundisha hajasema neno, na kimya chake ndicho kinachoniuma zaidi.

Lakini marehemu Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo, alipoanza kule Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, alichora alivyoona yeye. Kumheshimu si lazima kuwe kumnakili. Nyie ujasiri mliupata wapi?

Mpiga solo, Tabora:
Mkuu, huku bendi yoyote inapimwa kwa bendi ya zamani ya Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata. Tulipokuwa tunapiga kopi, ukumbi ulijaa. Tulipoingiza midundo ya ngoma za Kinyamwezi, watu wakakaa vitini. Mzee mmoja akatufuata kutuambia tunaharibu muziki. Nikamjibu kwa adabu: mzee wangu, enzi zenu kila bendi ilikuwa na mtindo wake, Tabora Jazz Segere Matata, NUTA Msondo, nasi tuacheni tutafute wetu. Hakukubali, ila anaendelea kuja! Siku hizi nyimbo mpya tunaziweka katikati, watu wakishachangamka. Mwenye ukumbi alitupunguzia malipo, hilo jiandae nalo.

Mdau wa Mwanga:
Sokwe wa kulipia kodi ya nyumba endelea nao, ndugu. Usiku chora yako. Njaa haikupi ujasiri.

Binti Ujiji:
Kaka, mimi nasoma kaswida. Nilipoanza kusoma tungo zangu mwenyewe, mama mmoja niliyemheshimu sana aliondoka shughulini. Nikaenda kwake kumsalimia, si kubishana, nikamsomea beti zile taratibu bila dufu. Akanisahihishia vina viwili, na tangu hapo ananisikiliza. Mfuate fundi wako na picha mkononi.

Mleta mada:
Ahsante dada yangu. Nampelekea ile ya mitumbwi ya Kibirizi Jumapili hii. Akiikosoa, nitajua ameitazama.