Ni mbinu ama ni mwalimu?

Mzazi wa Kayole: Nauliza kwa nia njema. Mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa hesabu na fizikia pale Keriko, Njoro, alitwaa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Shule yao ilikuwa na kompyuta moja, na wanafunzi wake walikuwa wa 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo. Sasa tunaambiwaje kwamba bila huu mtaala mpya wa umilisi, wa kujifunza kwa kutenda, mtoto hawezi kufikiri? Mwalimu akiwa na moyo, mbinu yoyote inafaa. Shida ni hawa wa siku hizi, wanatuma kazi kwa WhatsApp saa mbili usiku, mzazi ndiye anayekata katoni kuitengeneza.

Chaki Mkononi: "Hawa wa siku hizi" ni mimi. Nafundisha sayansi sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, huku Eastlands, Nairobi. Gredi ya 7 ilipoanza 2023 watoto waliwekwa kwenye shule za msingi, na nyingi hazikuwa na maabara. Asidi na besi nafundisha kwa ndimu na maji ya jivu, na ndimu nanunua mwenyewe. Usiniambie sina moyo.

Mzazi wa Kayole: Sikukutaja, mwalimu. Lakini katoni uliitaka ama hukuitaka?

Mjukuu wa Dandora: Katoni nayo imekuwa kesi? 8-4-4 ilipoanza 1985 ilikuwa ya mikono vilevile: kilimo, sayansi kimu, sanaa na ufundi. Wazazi walinunua uzi na mbao. Mtihani ndio uliotufanya kasuku. Mimi aliyenitoa ujinga wa hesabu ni mwalimu wa darasa la sita na kiboko chake. Tulimwogopa, tukapita.

Mama Wawili: Umepita wewe. Darasani kwetu kulikuwa na kijana mwenye kigugumizi, alikuwa akichapwa kwa kuchelewa kujibu. Aliacha shule. Huyo hayuko hapa kukusimulia.

Mjukuu wa Dandora: Dada, usinitwike dhambi za mwalimu wako. Kabla Katiba haijapiga marufuku kiboko, watoto walikuwa na adabu.

Wakili wa Umoja: Katiba ni ya 2010. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni 2001, kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaweka adhabu: faini isiyozidi shilingi 100,000, ama kifungo kisichozidi miezi sita, ama vyote viwili.

Mjukuu wa Dandora: Sheria ipo na viboko bado vinaliwa. Pita karibu na shule za mtaani asubuhi usikize.

Mama Wawili: Na hilo linakufurahisha?

Chaki Mkononi: Jamani, Tabichi hakutuzwa kwa kuchapa mtu. Alikuwa akienda saiba kupakua vitu vya somo, kisha anavitumia darasani bila intaneti. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Hiyo ni mbinu. Na alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake. Yeye ni mtawa wa Kifransisko. Mimi nina kodi ya nyumba na karo.

Mzazi wa Kayole: Sasa tumefika kwa mshahara. Mtoto wangu ataingia sekondari ya juu, atachagua mkondo wa masomo, na mimi sijui hata nimshauri nini. Nani alitufundisha sisi wazazi?

Mjukuu wa Dandora: Mama Wawili, nikujibu. Yule mwalimu wangu alikuwa akibaki jioni na waliofeli mpaka giza linaingia, bila kulipwa. Nilijua kugawanya sehemu hapo. Kiboko kilinizuia tu nisitoroke.

Mama Wawili: Basi zilizokufunza ni jioni zile.

Mjukuu wa Dandora: Ningetoroka, dada. Wenzangu wa mtaa walitoroka na hakuna aliyewafuata.

Mama Wawili: Walitoroka hesabu, ama walitoroka kiboko?