Naomba ushauri: mama ana skleroze, sasa amekata tamaa

Wapendwa, niko Bukavu, huku Kadutu. Mama ana miaka 63 na anaugua skleroze, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Miguu tumeizoea, namshika mkono tukipanda ngazi za mtaa. Kinachoniumiza ni moyo wake. Tangu Pasaka haendi kanisani, kitenge kipya bado kimekunjwa ndani ya mfuko, na usiku namsikia akilia chini kwa chini. Majirani wanasema ni uzee. Sikubali! Daktari alinieleza kwamba sonona huwapata wengi wenye ugonjwa huu, na inatibika. Nataka kumpeleka SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Bukavu, lakini anaogopa kuitwa kichaa. Mliouguza wazazi, mlianzaje mazungumzo hayo?