Mawakala wa matangazo ya kubeti, mnachoma bajeti wenyewe halafu mnasema Mbeya hailipi

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Kila mwisho wa mwezi ripoti ni ileile kutoka kwa mawakala wanaoshika kampeni za majukwaa matatu manne ya kubeti kwa mpigo: "Mbeya na Iringa wanajisajili tu, hela hawaweki, tuhamishie bajeti Dar." Uongo! Watu wa Mwanjelwa, Uyole, Kihesa na Mafinga wanaweka hela. Nyie ndio hamjui kuihesabu.

Angalieni mteja wa huku anavyofanya. Anaona tangazo, anabonyeza, anajisajili kwa namba ya simu, anafunga ukurasa bando lisiishe. Jioni anapiga *150*00# ya M-Pesa, anaingiza namba ya kampuni na kumbukumbu namba, hela imeingia. Kivinjari hakijaona kitu. Ile pikseli (kipande cha kodi kinachoripoti kwa wenye matangazo mteja alichofanya) mliyoibandika kwenye ukurasa wa "umefanikiwa kuweka salio" haikuamka, maana ukurasa wenyewe haukufunguliwa. Mashine ya matangazo inabaki inajua usajili peke yake, basi inawatafutia watu wa kujisajili, na inawapata kweli: wale wa kudaka bonasi na kutokomea. Lawama mnautupia mkoa.

Dawa yake mnaijua, uvivu tu. Mtu akitua kwenye ukurasa, kihifadhiwe kitambulisho cha kliki, yaani alama inayobandikwa kwenye linki mtu anapobonyeza tangazo (gclid kwa Google, fbclid kwa Meta, wenye Facebook na Instagram), kwenye mstari mmoja na namba yake ya simu. Hela ikigonga, seva ya jukwaa, siyo kivinjari, ndiyo iwatumie Google na Meta taarifa kwamba huyu kaweka kwa mara ya kwanza, na kiasi gani. Google wanapokea hadi siku 90 tangu kliki. Meta kwa mpangilio wa kawaida wanahesabu siku 7 tu, kwa hiyo aliyebonyeza leo akaja kuweka hela siku ya tisa haonekani kwenye dashibodi yao. Huyo mhesabuni kwenye jedwali lenu wenyewe.

Na namba ya simu mnayowatumia ili wamtambue mteja, muiandike inavyotakiwa kabla ya kuifumba kwa SHA-256, ile njia ya kuigeuza kuwa fumbo lisilosomeka. Google wanataka ianze na +255, Meta wanataka 255 bila alama ya kujumlisha. Mnatuma inayoanza na 07 kama mteja alivyoijaza, kisha mnashangaa hakuna inayooana. Tarakimu moja ikitofautiana, fumbo zima linakuwa jingine, na likishafumbwa halirekebishiki tena.

Kuna na linki. Mnaipitisha kwanza kwenye ukurasa wa wakala, ndipo inarukia kwenye jukwaa, na katika kuruka huko kila kilicho baada ya alama ya kuuliza kinadondoka. Kupima ni dakika moja: bonyeza tangazo kwa simu, subiri ukurasa utulie, soma anwani pale juu. Kama gclid na alama za UTM (zile zinazotaja kampeni iliyomleta mtu) hazipo, mteja huyo ataingia kwenye vitabu kama aliyekuja mwenyewe, na kampeni iliyomleta itafungwa kwa kosa la kutoleta mtu. Tena mnagawa mikoa kwa anwani ya IP! Intaneti ya simu mara nyingi inamsoma mtu wa Kabwe, hapa Mbeya, kama yuko Dar. Mtu wetu, hela yetu, sifa inakwenda Dar.

Kinachouma zaidi ni kugombanisha chapa. Majukwaa manne, picha ileile ya mkeka, umri uleule, Jiji la Mbeya lilelile, saa zilezile. Seti moja ya matangazo ya Meta inahitaji kama matukio 50 kwa wiki (tuseme watu 50 kuweka hela) ili mfumo umalize kujifunza nani wa kumwonyesha. Mnakata bajeti ndogo vipande kumi na mbili, hakuna hata kimoja kinachofika huko, na kila siku mbili mnabadilisha kitu, kinaanza kujifunza upya. Mkiona mambo magumu mnachukua namba za wateja wa jukwaa moja mnazilengea jukwaa jingine. Hao watu hawakuwapa ruhusa hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo.

Saa nazo! Akaunti imefunguliwa kwa majira ya Los Angeles, mtu anapanga tangazo lianze saa 8 mchana. Huku hiyo ni saa 6 au saa 7 usiku. Mechi za Jumamosi za England zinazoanza saa 9 alasiri ya kwao, kwetu ni saa 11 jioni, na kuanzia mwisho wa Oktoba ni saa 12. Ratiba lazima isogezwe. Hamsogezi.

Akaunti ikifungiwa kwa kukosa kibali cha Google cha matangazo ya kamari, mnafungua nyingine usiku huohuo. Kwa Google huko ni kukwepa mfumo, na akaunti zinazohusiana nayo zinafungiwa pia, hata ya jukwaa lenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na lisilo na kosa.

Kabla hamjahamisha shilingi ya Mbeya mwezi huu, tumeni jedwali: kliki, usajili, walioweka hela mara ya kwanza kwa hesabu ya seva, na mkoa kama mteja alivyoujaza mwenyewe wakati wa kujisajili. Kila jukwaa na jedwali lake.