Msaada: kuchonga jina kwa herufi za Tengwar kwenye sanduku la mninga

Mkaa_Pwani:
Wakuu, salamu. Nina sanduku la mninga, kifuniko sentimita 20 kwa 12, limepigwa randa na msasa ila halijapakwa kitu. Ni zawadi ya mahafali ya rafiki anayeitwa Pendo, ambaye hadithi za Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, amezimeza zote. Nataka juu yake yakae maneno mawili, "Pendo" na "rafiki", kwa maandishi ya Waelvi, viumbe wa hadithi hizo, yaani herufi za Tengwar.

Je, nitafsiri kwa lugha yao au niandike Kiswahili kwa herufi zao? Pili, nimepakua fonti ya Tengwar, lakini nikiandika Pendo kinachotokea hakifanani na majedwali ya herufi hizo. Tatu, nichome au nichonge? Ninayo patasi ya V ya milimita 3, kisu cha kuchongea, kalamu ya umeme ya kuchomea mbao na printa ya leza.

herufi_na_wino:
Tengwar ni herufi tu, kama zilivyo za Kiarabu au za Kirumi. Lugha ni kitu kingine: Waelvi wana Kiquenya, Kisindarin na nyinginezo. Tena usinakili picha yoyote ya mtandaoni kwa sababu tu ni nzuri. Mwandiko unaosambazwa kuliko yote ni ule wa pete ya Sauron, yule mwovu mkuu wa hadithi, ambao herufi zake ni Tengwar lakini lugha yake ni ya giza na maneno yake ni ya kufunga watu utumwani. Si wa mahafali.

Kwa Kisindarin rafiki ni *mellon*, neno lenye uhakika. Sentensi ndefu unazoziona mitandaoni nyingi zimeundwa na mashabiki, maana msamiati alioacha Tolkien hautoshi kwa mazungumzo ya kila siku. Mimi ningeandika Kiswahili. Irabu ziwekwe kwa utaratibu wa Kiquenya, yaani alama inakaa juu ya konsonanti iliyotangulia. Kiswahili silabi zake huishia na irabu, kwa hiyo inakaa sawasawa. Na "nd" ni herufi moja tu, ando. Pendo inakuwa herufi mbili!

Bwana_Tehta:
Mkuu hapo juu yuko sahihi kuhusu irabu, ila kwenye nd namsahihisha kidogo. Ando ni "nd" katika Kiquenya kwa sababu d katika lugha hiyo haisimami peke yake, lazima itanguliwe na n, l au r. Sisi tuna "dada" na "ndugu" pia, "baba" na "mbaazi" pia. Ukiifanya ando kuwa nd, siku utakayotaka d utakwama. Tumia thamani za jumla: ando ni d, umbar ni b, na sauti ya puani inaonyeshwa kwa kistari cha mlalo juu ya herufi. Kwa hiyo:

Pendo: parma (p) yenye alama ya e, ando yenye kistari juu, na alama ya o juu ya kistari.
Rafiki: rómen (r) + a, formen (f) + i, quessë (k) + i.

Kwa utaratibu huo Kiswahili kinapata karibu kila kitu: calma ni ch, anga ni j, harma ni sh, thúlë ni th, anto ni dh, unquë ni gh. Neno likianza na irabu, kama Amani, irabu hiyo ya kwanza inakaa juu ya kijiti kifupi kisicho na sauti.

Kuhusu fonti: nyingi zinafuata mpangilio wa Dan Smith, mtengenezaji wa fonti za Tengwar, ambao vitufe vimepangwa kwa safu za Tengwar, si kwa alfabeti. Parma iko kwenye q, ando kwenye 2, rómen 7, formen e, quessë z. Kila irabu ina vitufe vinne, kwa sababu alama inasogea kushoto au kulia kulingana na upana wa herufi: a ni # E D C, e ni $ R F V, i ni % T G B, o ni ^ Y H N. Alama ikining'inia pembeni ya herufi, jaribu kitufe kingine cha irabu ileile. Kistari kitafute kwenye jedwali linalokuja na fonti.

patasi_kali:
Chonga, usichome. Mninga una rangi ya kahawia, mchomo hauonekani vizuri. Kalamu hiyo iache kwa mbao nyeupe kama paini. Tena nukta tatu za alama ya a zikichomwa huungana zikawa doa. Hata ukichonga, kama zinakusumbua, alama hiyo inaruhusiwa kuandikwa kama kikofia ^.

Mwili wa herufi usipungue milimita 12, fonti iwe ya mkolezo. Watu wengi huchapisha kinyume ili kuhamisha wino wa leza kwa asetoni. Kwa Tengwar huo ni mtego: parma ikigeuzwa kioo inakuwa quessë, yaani p imekuwa k, na ando inakuwa anga. Hutagundua kwa macho, kwa sababu zote ni herufi halali. Afadhali bandika karatasi ya kawaida, isiyogeuzwa: masking tepu juu ya mbao, gundi ya karatasi juu ya tepu, kisha mchoro. Chonga ukipita juu ya karatasi.

Kwanza kata kingo kwa ncha ya kisu, ndipo upitishe V, kina milimita 1 hadi 1.5. Nyuzi za mninga mara nyingi hupishana, na kwenye mikunjo ya ando patasi ikienda kinyume nazo inang'oa kipande. Ikianza kuchanika, simama, geuza upande, ingia kutoka ng'ambo. Nukta zitoboe kwa keekee ya mkono, biti ya milimita 1.5.

Ukitaka rangi, jaza epoksi iliyochanganywa na unga wa shaba. Kabla ya hapo paka sheleki (aina ya vanishi) nyembamba ndani ya mifereji na kuizunguka, maana vinyweleo vya mninga hunyonya epoksi na kuacha ukungu pembezoni mwa herufi. Changanya epoksi kwa uwiano ulioandikwa kwenye chupa kwanza, unga uje baadaye. Acha saa 24, halafu msasa 120, 240, 320. Ukiwahi, epoksi inavutika na kuziba msasa.

Mkaa_Pwani:
Shukrani wakuu. Na nikiamua kupeleka kwa wenye mashine ya leza?

Bwana_Tehta:
Usiwapelekee faili yenye fonti. Kompyuta yao isipokuwa nayo itaweka herufi za kawaida, na kifuniko kitaandikwa "7E" na mengineyo. Kwenye Inkscape chagua maandishi, yageuze kuwa njia (Object to Path), hifadhi SVG au PDF. Kunakili na kubandika kwenye WhatsApp nako hakufai. Tengwar haimo kwenye Unicode, orodha ya herufi zinazotambuliwa na simu na kompyuta. Wapelekee na picha ya PNG walinganishe, na umwombe fundi apitishe kwanza kwenye kipande cha mninga kilichobaki.

patasi_kali:
Na sheleki usiiguse mpaka leza imalize.